Maisha ya Bwana Ian Fleming, Aliyemtunga James Bond

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nieleze habari za mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma muhula huu wote, hata baadhi ya wenzangu bwenini wamekwisha kunipa jina lake kwa mzaha. Mtu huyo ni Ian Fleming, Mwingereza, aliyetunga vitabu vya jasusi James Bond. Alifariki mwaka 1964, nami nina miaka 17 tu. Basi yote nitakayoyasema ni ya kusoma na kuulizia, si ya kuona kwa macho.

Kwanza nitoe sababu. Wanaolala bweni letu wanakumbuka kwamba mwaka jana tulikuwa na kaka mmoja wa kidato cha nne ambaye kila Jumamosi, taa zikisha kuzimwa, alitusimulia hadithi ya muuza kahawa wa bandarini Tanga. Muuza kahawa yule alikuwa mpelelezi wa siri. Alikuwa akichechemea, na kwa kugonganisha vikombe vyake alipeleka habari kwa wenzake: mara tatu, meli ya magendo imeingia, mara tano, kimbieni. Hadithi ilikwenda majuma mengi, na kiranja mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutunyamazisha, alikuwa wa kwanza kunyamaza aisikilize. Mwezi wa Novemba kaka yule akamaliza mtihani, akafunga sanduku lake, akaenda zake. Muuza kahawa tukamwacha amefungiwa ndani ya ghala la mkonge.

Shule ilipofunguliwa Januari, wenzangu wakanitaka niiendeleze hadithi ile, kwa kuwa nilikuwa nalala kitanda cha chini yake, nami ndiye niliyeisikia vizuri kuliko wote. Nikakataa. Niliona ni kama kuvaa kanzu ya mtu hali mwenyewe hayupo.

Katika siku hizo hizo nikapata maktabani kitabu kilichokwisha kupoteza jalada lake, kiitwacho Colonel Sun. Jina la mwandishi lilikuwa Robert Markham. Lakini ndani yake nikamkuta James Bond, na mkubwa wake aitwaye M, na ofisi yao ya London, kila kitu mahali pake. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma kitabu kimoja cha Bond, nikijua mwandishi wake ni Fleming. Nikamwendea mwalimu wetu wa Kiingereza nikamshitakia wizi. Mwalimu alicheka sana. Akaniagiza nikatafute kwanza Fleming alikuwa nani, ndipo nirudi nimwambie kama ni wizi au sivyo.

Ian Fleming alizaliwa London tarehe 28 Mei, 1908. Babu yake, Robert Fleming, alikuwa mtu wa Dundee katika Scotland, aliyeanza bila mali akawa tajiri mkubwa wa benki. Baba yake, Valentine, alikuwa mbunge. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka baba akaenda kupigana Ufaransa, na huko akauawa tarehe 20 Mei, 1917, siku nane kabla Ian hajatimiza miaka 9. Winston Churchill, aliyekuwa rafiki wa marehemu, ndiye aliyeandika tanzia katika gazeti la The Times. Ian aliitia tanzia ile katika fremu akaitundika ukutani kwake, hata alipokuwa mtu mzima. Nilipolisoma jambo hili nilikiweka kitabu chini kwa muda. Katika darasa letu wako ambao baba zao wamefariki, nao wanajua maana ya kukua chini ya picha iliyo ukutani.

Walizaliwa wanaume wanne. Kaka yake Peter, aliyempita mwaka mmoja tu, alikuwa na akili nyingi za darasani. Wote wawili walisoma Eton, shule ya bweni yenye sifa kubwa Uingereza, na huko Peter alikuwa akipata tuzo za masomo. Ian hakuziweza, lakini alikuwa na miguu, akawa bingwa wa michezo ya mbio na kuruka kwa miaka miwili mfululizo. Baadaye Peter akawa mwandishi maarufu wa safari, wakati Ian bado hajulikani kwa lolote.

Na kwa hakika, miaka ile ya ujana wake ni orodha ya milango iliyofungwa. Alipelekwa chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst, akaondoka mwaka 1927 bila cheo. Mama yake, aliyekuwa mkali, akampeleka Kitzbühel, mji wa milimani katika Austria, akae kwa mume na mke waliokuwa wakifundisha vijana wa Kiingereza. Mke yule, Phyllis Bottome, alikuwa mtunzi wa riwaya, na nyumbani kwake ndiko Ian alikojaribu kuandika hadithi zake za kwanza. Alijifunza Kijerumani na Kifaransa vizuri. Mwaka 1931 akafanya mtihani wa kuingia katika Wizara ya Mambo ya Nje, asipate nafasi. Mama akamtafutia kazi katika shirika la habari la Reuters.

Hapo kidogo alipata nyota. Mwaka 1933 Reuters ilimtuma Moscow, ambako wahandisi sita wa Kiingereza wa kampuni ya Metropolitan-Vickers walikuwa wameshitakiwa kwa ujasusi na hujuma. Fleming, kijana wa miaka 24, alituma habari za kesi ile kwa upesi na kwa ufundi. Tena akathubutu kumwomba Stalin mazungumzo. Stalin alikataa, lakini alimjibu kwa barua aliyoitia sahihi kwa mkono wake. Hata hivyo mshahara wa Reuters haukumtosha, naye akaacha kazi aliyoiweza akaenda benki, kisha akawa dalali wa hisa, kazi ambayo hakuiweza hata kidogo.

Vita ya pili ndiyo iliyomwokoa, ikiwa inaruhusiwa kusema hivyo juu ya vita. Mwaka 1939 Admirali John Godfrey, mkuu wa upelelezi wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa akitafuta msaidizi wake mwenyewe. Akachaguliwa Fleming, dalali asiyefaulu, naye akafikia cheo cha komanda. Alifanya kazi katika Chumba Na. 39 pale makao makuu ya jeshi la majini, London. Kazi yake ilikuwa kubuni mambo. Mwaka ule ule ilitolewa orodha ya hila za kuwadanganya Wajerumani, chini ya jina la Admirali Godfrey, lakini inaaminika kwamba sehemu kubwa aliiandika Fleming. Hila mojawapo ilikuwa kuchukua maiti, kuivika nguo za ofisa, kuitia karatasi za uongo mfukoni na kuiacha ielee mpaka adui aiokote. Wazo lenyewe lilitoka katika riwaya ya mtu mwingine, Basil Thomson. Mwaka 1943 maofisa wengine walilitekeleza jambo la namna hiyo hiyo katika pwani ya Hispania, na Wajerumani wakadanganyika wasijue kwamba majeshi yanakwenda kushukia Sicily. Basi watu wasemao kwamba riwaya ni kupoteza wakati, na walimu wamo, wafikiri jambo hili.

Hila nyingine ya Fleming haikutekelezwa. Mwaka 1940 alitaka eropleni moja ya Kijerumani iliyotekwa irushwe na Waingereza waliovaa sare za Kijerumani, iangushwe makusudi katika bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ili boti ya Kijerumani ije kuwaokoa, nao waiteke pamoja na vitabu vyake vya maandishi ya siri. Mpango uliitwa Ruthless. Boti ya kufaa haikuonekana, ukaachwa, na wataalamu waliokuwa wakivunja maandishi yale ya siri huko Bletchley walisikitika sana. Aliunda pia kikosi cha askari waliotangulia kuingia makambi ya adui kukamata hati kabla hazijachomwa moto. Lakini yeye mwenyewe hakupelekwa kupigana, maana kichwani mwake mlikuwa na siri nyingi mno asije akatekwa. Katika shambulio la Dieppe la mwaka 1942 alitazama kutoka melini tu. Nadhani hapo ndipo Bond alipoanza kuota, kama mbegu. Mtu amekaa mezani miaka sita akiwatuma wengine katika hatari. Ni lazima moyo wake ulikuwa ukiwafuata.

Mwaka huo wa 1942 Fleming alikwenda Jamaika kwa mkutano juu ya manowari za Kijerumani. Mvua ilinyesha karibu muda wote, na bado akakipenda kisiwa kile, akaazimia kurudi. Vita ilipokwisha akanunua kiwanja pwani ya kaskazini, Oracabessa, mahali palipokuwa zamani pa mashindano ya punda, akajenga nyumba isiyo na vioo madirishani. Akaiita Goldeneye, jina la mpango mmoja wa vita alioushughulikia. Katika London akapata kazi ya kusimamia waandishi wa nchi za nje wa magazeti ya Kemsley, ambamo Sunday Times lilikuwamo, na akapatana na mwajiri wake kwamba kila mwaka apewe miezi miwili ya likizo aende Jamaika. Sijasikia mwajiri mwingine wa namna hiyo.

Hata hivyo hakuandika kitabu. Miaka ikapita, akiwaambia rafiki zake kwamba siku moja ataandika hadithi ya ujasusi kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa mwaka 1952 alikuwa na miaka 43, na mwanamke aliyempenda, Ann, aliyekuwa ametoka katika ndoa na Lord Rothermere, mwenye magazeti, alikuwa karibu kuolewa naye tena ana mimba. Fleming alikuwa na wasiwasi wa ndoa. Ndipo akakaa mezani, akafunga vipando vya madirisha asione bahari, akaanza kupiga taipu. Alifanya kazi kama saa tatu asubuhi, na tena saa moja jioni. Kwa siku aliandika maneno kama 2,000, wala hakurudi nyuma kusahihisha kitu mpaka amalize. Casino Royale kikaisha siku chache kabla ya arusi yake ya tarehe 24 Machi. Mwezi wa Agosti, tarehe 12, akazaliwa mtoto wake wa pekee, Caspar.

Jina la James Bond hakulitunga. Mezani kwake palikuwa na kitabu cha ndege wa visiwa vile, nasema ndege watagao mayai, si eropleni, na mwandishi wake alikuwa Mmarekani mpole, mtaalamu wa ndege, aitwaye James Bond. Fleming alitaka jina fupi lisilo na madaha yoyote, akalichukua bila kubisha hodi. Miaka 12 baadaye, Februari 1964, mtaalamu yule akiwa Jamaika na mkewe aliingia Goldeneye bila kutangulia kutoa habari. Wakala pamoja vizuri.

Kampuni ya Jonathan Cape haikukitaka sana kitabu kile. Ilikuwa ikichapisha vitabu vya Peter, na ni Peter aliyewasihi wakikubali cha mdogo wake. Kilitoka tarehe 13 Aprili, 1953, nakala zisizofika 5,000, zikaisha upesi. Tangu hapo ikawa kanuni: kila Januari Jamaika, kila mwaka kitabu. Aliandika riwaya 12 na makusanyo mawili ya hadithi fupi. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alikitaja From Russia, with Love katika vitabu 10 avipendavyo, na vitabu vikauzwa Marekani kama maandazi ya asubuhi. Mwaka 1962 ikatoka filamu ya kwanza, Dr. No.

Sasa niseme lisilo zuri. Kitabu chake cha pili, Live and Let Die, cha mwaka 1954, kinasimulia habari za watu weusi wa Harlem na Jamaika, na kinawasema kwa maneno ambayo mimi sikuyasoma kwa raha. Mtu aliyeipenda Jamaika hata akaishi humo kila mwaka aliweza kuwatazama wenyeji wake namna ile. Mwaka 2023, vitabu vilipotolewa upya kwa kutimiza miaka 70 ya Bond, baadhi ya maneno hayo yaliondolewa. Wengine darasani wanaona ilikuwa vyema. Mimi ningeyaacha, ili tujue alikuwa nani.

Fleming mwenyewe alichoka na jasusi wake kabla wasomaji hawajachoka. Mwishoni mwa From Russia, with Love, mwaka 1957, Bond anapigwa teke la kiatu chenye sumu, anaanguka sakafuni, kitabu kinakwisha. Mwaka uliofuata akamwinua tena. Lakini mwili wake mwenyewe ulikuwa ukianguka. Alivuta sigara kupita kiasi, 60 na zaidi kwa siku, na kunywa sana. Kisha ikaja kesi. Kevin McClory na Jack Whittingham walikuwa wameandika pamoja naye hadithi ya filamu. Filamu isipotengenezwa, Fleming akaigeuza kuwa riwaya, Thunderball, bila idhini yao. McClory akamshitaki. Aprili 1961 Fleming akapatwa na shtuko la moyo, na alipokuwa kitandani akaandika hadithi aliyokuwa akimsimulia Caspar, ya gari linaloruka, Chitty-Chitty-Bang-Bang. Kesi ikaisha mwaka 1963 kwa mapatano, na McClory akapata haki za filamu ile. Basi nilipokwenda kutafuta mwizi wa Bond, wa kwanza niliyemkuta akituhumiwa kuchukua kazi ya wenzake ni Fleming mwenyewe! Sikulitazamia.

Alifariki Canterbury usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti, 1964, akiwa na miaka 56. Siku hiyo Caspar alikuwa anatimiza miaka 12. Baba mmoja alikufa siku chache kabla ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, na mwanawe yule naye akafa siku yenyewe ya kuzaliwa ya mwanawe. Caspar hakuishi sana; alifariki mwaka 1975, kijana wa miaka 23. Wote wawili na mama yake Caspar wamezikwa Sevenhampton, karibu na Swindon. Filamu na vitabu vilivyoingiza fedha nyingi kupita zote vilikuja baada ya baba kulala.

Narudi kwa Robert Markham. Hakuwako mtu wa jina hilo. Alikuwa Kingsley Amis, mtunzi mkubwa wa riwaya, aliyekwisha kuandika kitabu kizima cha kumchambua Bond mwaka 1965. Kampuni iliyomiliki haki za vitabu vya Fleming ilimwomba aendeleze, na Colonel Sun kikatoka mwaka 1968. Kwa sheria basi si wizi. Huko Uingereza haki hizo hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufa, yaani mpaka mwisho wa mwaka 2034. Lakini mjane, Ann, hakulipenda jambo lile kabisa. Aliandika makala kali juu ya kitabu hicho, gazeti lisiichapishe. Ni ajabu, kwa maana mumewe alipokuwa hai Ann na rafiki zake wasomi walikuwa wakivicheka vitabu vya Bond.

Kitabu chenyewe ni kizuri. M anatekwa nyumbani kwake, Bond anamfuata mpaka visiwa vya Ugiriki, na kuna mateso ambayo sikuyasoma usiku. Visiwa vimeelezwa vizuri mno. Lakini Bond wa Amis hana uchovu ule. Bond wa Fleming huketi uwanja wa ndege akifikiri juu ya mtu aliyemwua, na unahisi kwamba aliyeandika amekaa usiku mwingi bila usingizi. Amis alikuwa na jina, bastola na mkubwa wa kazi. Uchovu ulizikwa Sevenhampton.

Baada yake walikuja wengine wengi: John Gardner kuanzia mwaka 1981, kisha Mmarekani Raymond Benson, kisha Sebastian Faulks ambaye kitabu chake kilitolewa tarehe 28 Mei, 2008, Fleming alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa. Ninayetamani kumsoma zaidi ni William Boyd. Alizaliwa Accra, na katika Solo, cha mwaka 2013, anampeleka Bond wa mwaka 1969 katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, Zanzarim, iliyo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yeye hakujaribu kuazima maisha ya Fleming. Alimchukua Bond akamleta kwake. Maktaba yetu haina kitabu hicho, na kama mzazi yeyote msomaji wa gazeti hili anacho, tutakipokea kwa mikono miwili.

Nilipomrudia mwalimu nilimwambia si wizi, lakini mwenyewe angeulizwa kwanza kama angekuwapo. Mwalimu akaniuliza kama wangu yupo. Yupo, anasoma kidato cha tano mkoa mwingine. Nikamwandikia barua, na baada ya majuma matatu akajibu kwamba niendelee, ila nisimwue muuza kahawa mpaka yeye aje kutembea.

Jumamosi iliyopita, taa zilipozimwa, nikaanza. Nilimtoa ghalani kwa njia ya dari, nikamshusha kwa kamba ya mkonge, nikamkimbiza gizani mpaka kituo cha reli. Bweni lilikuwa kimya, nami nikaanza kujiona mtunzi. Mara mwenzetu mmoja wa kitanda cha dirishani akanikatiza, akauliza mbona leo anakimbia na wala hachechemei.